Maji ya Fawzia

Kosa la Fawzia halikuwa la mjinga. Mjinga angechemsha maji yake akanyamaza.

Miaka mitatu alikuwa akifanya utafiti katika maabara ya chuo huko Kensington, ughaibuni. Shanga za kioo zilizopakwa unga wa manjano, ukizitia kwenye chupa ya maji machafu dirishani, mwanga wa kawaida tu huziamsha, na baada ya saa nne bakteria kwisha. Maabara, ambako taa ilishika nafasi ya jua, alihesabu mwenyewe mara tu taa ikizimwa: sifuri. Basi akampa shoga yake wa mtaa wa Merrylands, aliyekuwa akienda Tanga, pakiti nzima ampelekee mama yake, Bi Amne, ambaye moshi wa kuni ulikuwa umemmaliza kifua. Profesa hakumwambia, maana alijua atakatazwa. Akapiga simu nyumbani: "Mama, usichemshe tena."

Mwezi wa tatu, mdogo wake Ishaq akamwambia mama kalazwa, ana homa ya matumbo.

Aliyeuliza swali ni Kendi, nesi wa Kenya aliyepanga naye nyumba moja. Walikuwa jikoni. "Bacteria mnacount lini? Straight after light kuzimwa? Kwani nani hunywa maji straight after?"

Fawzia akaukumbuka mtungi wa nyumbani. Kwao maji yaliyopata moto wa jua hayanywewi papo hapo. Humiminwa mtungini, yakalala penye giza hadi yapoe. Ameyanywa hivyo tangu utotoni, na miaka yote mitatu jambo hilo halikumpitia akilini. Akayalaza maji yake kabatini mchana na usiku, kisha akapima. Visahani vya kuoteshea bakteria vilijaa madoa. Bakteria wengine walikuwa wamezimia tu, na gizani wakazinduka, wakazaana. Aliona aibu, akapiga simu Tanga.

Simu ilipopokewa wodini, Bi Amne alikuwa akihema. Alimsikiliza Fawzia akijieleza, kisha akamkatiza. "Usijilaumu, mwanangu. Ni samaki yule wa Jumanne aliyeniumiza. Maji yako ndiyo dawa yangu, Ishaq ananiletea kila siku."

"Mama, maji yangu ndiyo yaliyokuumiza. Mwambie ayamwage."

"Haya, mama, haya," akajibu Bi Amne, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto.

Alifariki Ijumaa, akazikwa siku ile ile. Fawzia asingewahi hata angeruka mwenyewe. Jioni Ishaq akapiga, sauti imemkauka kwa kilio.

"Mtaa mzima umekuja, dada. Uani hapana pa kukanyaga."

"Ishaq, yale maji ya mtungini uliyamwaga?"

"Niyamwage? Mama alisema una wasiwasi tu, akausia yasipotee hata tone. Tumewapa watu, dada, kila aliyetoka makaburini na kiu yake, mpaka watoto. Wanakunywa wanakuombea dua."