Lebo Zilizotokea Chumbani kwa Fundi

Fundi wa kompyuta wa hospitali alikuwa hakaliki asubuhi ile. Mara ya nne anampigia mama yake, simu inaita weee, haipokelewi. Akampigia dada yake, mfamasia wa dirisha la dawa ghorofa ya chini.

"Mama yuko wapi?"

"Mama mzima, kaka. Fanya kazi yako, foleni huku imefika mlangoni!"

Na kazi yenyewe haikuwa mchezo. Miaka tisa alizunguka hospitali nzima akipakia programu mashine moja moja, hadi wauguzi wakambandika jina la Mguu Njia. Sasa programu ya dawa ilikaa mahali pamoja, kwenye mashine kuu, na kompyuta zote arobaini ziliifungua kutoka huko. Toleo jipya aliliandaa kwenye kompyuta yake mwenyewe, akaliachia saa mbili kamili, likafika kote kwa mpigo. Raha iliyoje! Haikupita hata dakika tano, dada akapiga simu akifoka.

"Lebo hazitoki! Nitatoaje dawa bila lebo?"

Kabla hajajibu, printa kuukuu ya mezani kwake ikaanza kukoroma. Lebo moja, mbili, kumi. Lahaula! Alikuwa amefungasha programu pamoja na mipangilio ya kompyuta yake, printa ikiwemo, na sasa hospitali nzima inachapa chumbani kwake.

"Kosa langu, zinatoka huku kwangu. Nikilirekebisha huku, kwenu kote limekwisha. Nipe dakika tatu."

"Usizisome hizo lebo!" dada akasema, haraka mno.

Nani aambiwe asisome, asisome? Lebo ya saba ilikuwa na jina la mama yao. Dawa ya moyo, asubuhi na jioni, mwezi wa sita mfululizo.

Miezi sita! Na kila akimpigia, mama humjibu, "Mimi mzima, mwanangu, shughulika na kazi."

Akarekebisha mipangilio mahali pamoja tu, kwenye mashine kuu. Printa yake ikanyamaza, na huko chini lebo zikaanza kutoka. Akachukua ile ya saba, akashuka ngazi mbili mbili.

Mama alikuwa kwenye benchi la kungojea. Alipomwona, akajifanya anatafuta kitu mkobani.

"Nimekuja kumsalimia dada yako tu."

"Shikamoo, mama." Akampa lebo. "Hii yako imetokea kwangu. Imeniuma."

Mama aliitazama sana. Kisha akasogea kidogo, akamwachia nafasi kwenye benchi.