Atimango Aonyesha Uso Wake

Nabukenya, mtengeneza filamu kutoka Kampala, alitaka Atimango akae akiupa mgongo mwanga, sura isionekane.

"Tunakulinda, dada."

"Mnanilinda na nani? Pader nzima inajua waasi walinichukua nikiwa na miaka kumi na miwili. Nimulike vizuri, na ningoje nivae gauni la kanisani."

Lakot, mshonaji mwenzake Atimango, akacheka juu ya cherehani. "Akivaa lile, mjue mtapiga picha za harusi!"

Nabukenya akauliza kuhusu siku ya kutekwa. Atimango akajibu kwa maneno machache, macho makavu.

"Hilo kila mgeni huuliza. Mbona hamniulizi nilivyotoka?"

Akawasimulia. Mwaka wa sita msituni, adhuhuri moja, alitumwa pamoja na wasichana wawili kuteka maji katika mto Aswa. Walijaza madumu wakayapanga njiani, ili mlinzi adhani wako karibu. Kisha wakaingia mtoni na kuteremka wakifuata mkondo, wasiache nyayo. Ayaa, mdogo kuliko wenzake, ambaye Atimango hakumtaja kwa jina, alikuwa na kidonda mguuni. Atimango alimbeba siku mbili.

Miezi minne baadaye filamu ilionyeshwa katika ukumbi wa parokia. Odoki mwenye duka, ambaye miaka yote aliwaita wasichana waliorudi "wake wa msituni", hakuweza kujizuia.

"Hao walishazoea huko! Leo wanatuletea sinema!"

Atimango alisimama. 

"Odoki, mimi nilitoka na watu wawili. Wewe vita vilipofika, ulimtoa nani?"

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Odoki akainamisha kichwa.

Ndipo mama mmoja mzee akapenya kati ya viti. Alikuwa mama yake Ayaa.

"Mwanangu aliniambia alibebwa na dada fulani, mguu ukiwa na kidonda. Jina akakataa katakata kulitaja."

"Tuliapa tusitajane, mama. Tuliogopa midomo ya watu."

"Na mimi miaka yote hii nashonesha kwako sare za wajukuu, umenyamaza tu!"

"Ningesema, ungetaka nikushonee bure."

Bibi akacheka hadi akashika mbavu, machozi yakimtoka. Akaketi kando ya Atimango, akatoa simu na kumpigia binti yake aliyeolewa Lira.

"Ayaa, niko hapa na Atimango. Ndiyo, yeye mwenyewe. Wote wameshajua. Haya, msalimie."