Wanataka Kunifunga Mdomo

Mama alipopofuka, nyumba yetu ya kijijini Kate iliacha kuwa na watu. Si kwamba walimchukia. Watu wa kwetu ni wakarimu, ila kila mtu ana shamba lake, na mjane asiyeona hana habari mpya ya kukupa. Mimi nilikuwa Sumbawanga mjini nasuka nywele saluni. Nilimpigia simu kila jioni, naye akanijibu neno moja moja mpaka nikawa naona aibu kukata.

Tamthilia ndiyo iliyomfufua. Saluni tulikuwa na televisheni, na kipindi kile mji mzima ulitekwa na tamthilia moja ya Kifilipino: binti fukara aitwaye Mariseli ameolewa kwa matajiri, na mama mkwe wake, Madamu Korina, hataki hata kumsikia. Nikaanza kumsimulia mama kwa Kifipa, kwa ujumbe wa sauti kwenye simu ya jirani yake Emerensiana. Emerensiana akaita wenzake. Simu ikawa inawekwa juu ya kinu kilichopinduliwa jikoni kwa mama, wanawake wanaizunguka huku wakipukuchua mahindi, na nikipiga baadaye nasikia kicheko cha mama ambacho nilishakisahau. Vijiji vingine vikaomba navyo, nikafungua grupu la WhatsApp.

Nilisimulia kama bibi yangu alivyosimulia. Ukimsema mtu, unakuwa yeye. Mariseli akilia, nilie mimi. Akitukanwa, nimetukanwa mimi. Habari za "akasema, akajibu" niliwaachia wasoma taarifa ya habari.

Kisha ukaja muswada. Jirani wa saluni yetu alikuwa Gaudensi, fundi simu, mwenye ukurasa wake Facebook: asubuhi Yanga, mchana nyimbo mpya, jioni umbea wa wasanii. Siku moja, katikati ya jezi na wasanii, akaweka habari kwamba bungeni kunapelekwa muswada, na ukipita, yeyote anayerusha sauti au picha kwa kundi la watu mtandaoni lazima awe na leseni. Asiye nayo ni mhalifu. Nilimwambia hayo ni mambo ya wenye redio.

"Jenifa," akasema, "wewe ni redio. Hujui tu."

Jela niliiogopa, nisidanganye, lakini zaidi niliogopa lile jiko la mama kurudi kuwa tupu.

Mtandaoni watu waliwaka. Wakabadilisha picha zao zote zikawa nyeusi, wakaandika maneno makali, wakaapa kwamba safari hii hakieleweki. Halafu ikaja mechi ya Simba na Yanga, na weusi wote ukageuka jezi. Gaudensi mwenyewe, mwanaharakati wetu, alishinda anabishania penalti. Nilimtukana matusi ya kutosha, akaweka simu chini, na hapo ndipo akapata wazo. Kamati ya bunge ilikuwa inapokea maoni ya wananchi. Kelele za vijana wa mjini wameshazizoea, akasema. Sauti za akina mama wa Kate hawajawahi kuzisikia. Wakinitumia, yeye atazipeleka.

Basi jioni ile, nilipomaliza kipande cha tamthilia, sikupumua hata kidogo. Nikaendelea kwa Kifipa kile kile: "Kuna wakubwa wanataka kunifunga mdomo. Kama hamtaki, semeni. Kila mmoja atume sauti yake."

Walituma mpaka simu ikapata moto. Nikaketi na Gaudensi kibandani kwake, tunasikiliza, namtafsiria. Wa kwanza alimlaani Madamu Korina. Wa pili alisema alijua tangu siku ya harusi kwamba yule mwanamke atanikata ulimi. Wa tatu alinishauri nirudi kwa baba yangu, ndoa si kifungo. Mmoja wa kijiji cha Pito aliahidi kuniweka kwenye nia za misa. Gaudensi alicheka mpaka akashika meza. Mimi nilitaka kulia. Wanasema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, na vyura wangu walikuwa wanampigia kelele ng'ombe wa kwenye televisheni.

Kesho yake nikaeleza wazi, bila hadithi. Ni mimi, Jenifa wa saluni. Muswada ni wa kweli, bunge ni la kweli, hakuna Korina hapa. Grupu likawa kimya. Safari hii waliamini wote kwa mpigo, na huko kuamini kukawa kubaya kuliko kutoamini. Siku ya mwisho ya maoni ikapita, hakuna aliyetuma hata kikohozi. Serikali ni serikali, walisema pembeni, sisi ni nani.

Muswada ulipita siku ambayo mtandao mzima ulikuwa unamlilia msanii aliyeachwa na mchumba wake. Vijijini habari ilishaota pembe: eti hata anayesikiliza anakamatwa. Watu wakatoka kwenye grupu mmoja mmoja bila kuaga. Emerensiana alikwenda kwa mama kuchukua kigoda chake, akasema siku hizi ana kazi nyingi. Hakuna aliyekamatwa. Hakuna hata aliyekuja kuuliza. Niliwakasirikia wale wanawake, na bado nawakasirikia, ingawa najua mimi mwenyewe nilishaacha kusimulia.

Nikampigia mama. Baada ya shikamoo nikamwambia nitamsimulia yeye peke yake kwenye simu, maana hakuna sheria inayomkataza mtoto kuongea na mama yake.

"Nitacheka na nani?" akauliza.

Nikamwomba msamaha. Akasema hana cha kusamehe. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua.

"Siku ile uliposema wanataka kukufunga mdomo, niliwaambia wenzangu: huyu si Mariseli, huyu ni mwanangu, na anaogopa. Wakanicheka. Wakasema macho yameondoka, sasa na masikio yanafuata."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ungeogopa zaidi."

Upepo ulisikika kwenye simu, kwa hiyo mlango wa jiko ulikuwa wazi na hakukuwa na mtu wa kuusindika. Mama akaomba nimmalizie tu ile hadithi. Yule binti, hatimaye alimshinda mama mkwe?

Sikuwa najua. Tangu sheria ipite, tamthilia ikianza nilikuwa naigeuzia mgongo televisheni na kusuka.

"Alimshinda, mama," nikasema. "Sasa hivi wanaishi vizuri."



"Sauti ni ile ile," mama akasema. "Ile ya siku ile ulipoogopa."

Akaniambia nisichelewe kula, akakata simu.