Aliyeshika Poti 8080

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, programu ya mahudhurio ya shamba moja la mkonge huko Ngombezi iligoma kuwaka. Wakataji mia mbili na kumi walikuwa wamepanga foleni mbele ya mashine ya vidole, na mashine haikumtambua hata mmoja. Karani Godlisten alimpigia simu Loveness, fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na stendi ya Korogwe, naye akaja kwa bodaboda.

Kosa lilikuwa limeandikwa waziwazi kwenye skrini: poti 8080 inatumika. Poti ni mlango wenye namba. Programu hukaa pale ikisikiliza nani anaiita, na mlango mmoja haukaliwi na programu mbili. Kazi ya Loveness ilikuwa ndogo: ajue nani ameushika, amfunge, aende akanywe chai. Aliandika amri ya kuuliza, na jibu likaja. Namba ya programu, 417. Jina, Bernardo Chitanda. Hali, anasikiliza. Ameingia saa kumi na moja na dakika hamsini alfajiri.

“Bernardo ni nani hapa?” aliuliza Loveness.

“Marehemu,” alisema Godlisten. “Hiyo 417 ni namba yake ya kazi. Basi ndiyo maana. Jana umeme ulikatika, mashine ikazima. Uliporudi, yeye akawahi.”

Loveness alimfunga. Programu ikifungwa kisha ikarudi, hupewa namba mpya, hilo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua. Bernardo alirudi baada ya sekunde mbili na 417 yake ileile. Alimfunga mara tatu. Kila aliporudi chumba kilinuka maji ya mkonge, na mara ya tatu Godlisten akainuka kufungua dirisha.

Bernardo alikufa mwezi uliopita, baada ya mkono wake kunaswa na korona, ile mashine inayokamua majani kutoa singa, nyuzi za mkonge. Meneja, Bwana Julius, alilibeba jeneza upande wa mbele, akatoa gunia la mchele msibani, kisha akarudi ofisini na kumwandika mtoro kuanzia siku tatu kabla ya ajali. Kifo cha kazini huleta wakaguzi, utoro haumleti mtu. Shambani hapo mfanyakazi akifa, asubuhi baada ya mazishi nyapara humwita kwenye mstari kwa mara ya mwisho, na wenzake huitikia kwa pamoja, “Amemaliza.” Ndipo jina linafutwa. Mtoro haitwi. Bernardo, basi, hakuitwa, na hakuwa mtu wa kuondoka kazini kabla ya kuitwa.

Kulikuwa na jambo jingine. Familia ya aliyefia kazini huachiwa nyumba ya kambini mwaka mzima. Familia ya mtoro hutolewa. Mjane wake, Mwatumu, mwenye watoto watatu, alikuwa amepewa hadi Ijumaa, na kila siku alikuja kukaa kwenye benchi la barazani akiomba jina la mumewe lirekebishwe. Siku hiyo pia alikuwepo. Godlisten alimwita ndani.

“Shikamoo mama,” alisema Loveness.

“Marahaba mwanangu. Nasikia mmempata.”

“Yupo hapa.”

“Kaingia saa ngapi?”

“Kumi na moja na dakika hamsini.”

“Ndiyo saa zake,” alisema Mwatumu, akavuta kiti. “Hebu niangalizie na siku za nyuma.”

Loveness alifungua kumbukumbu za mashine. Tangu siku iliyofuata mazishi, kila alfajiri, Jumapili zikiwemo, 417 alibisha kwenye poti 8080, akakuta programu imeikalia, akangoja hadi saa tisa alasiri, akaondoka. Siku kumi na tisa, hakukosa hata moja. Mwatumu aliomba achapiwe karatasi. Wote watatu wakaipeleka kwa meneja.

“Mtoro gani anawahi hivi, Bwana Julius?” alisema Mwatumu.

Bwana Julius aliisoma yote, hata nyuma aligeuza. Hakuwa mtu wa kubishia karatasi.

“Sikatai kwamba anakuja, mama. Bernardo hakuwa mvivu. Lakini nikimwandika yupo kazini, nitaulizwa alifia wapi.” Akamgeukia fundi. “Poti nyingine hazipo?”

“Zipo nyingi.”

“Basi hamishia huko. Watu wanasubiri.”

Loveness aliihamishia programu kwenye poti 8081. Ilichukua dakika mbili. Aliona aibu, na vidole vyake havikusita kwa ajili hiyo. Foleni ikaanza kusogea. Kabla ya kuondoka alimwonyesha Godlisten namna ya kufungua poti 8080 na kumwandikia aliyemo, kwa sababu Mwatumu alikuwa amemwomba, na hakuwa na kitu kingine cha kumpa.

Ijumaa saa nne, pikapu ilisimama mbele ya kambi. Walipakia kitanda, magodoro mawili, masufuria na kuku wanne kwenye tenga. Mwatumu aliwaacha watoto juu ya mizigo, akaja ofisini.

“Mwandikie tunahamia Handeni, kwa kaka yangu Rehani. Akitoka asipite kambini, atakuta wageni.”

Godlisten aliandika hivyohivyo, neno kwa neno. Walisubiri. Harufu ya maji ya mkonge ikajaa chumbani. Herufi zikaanza kutokea moja moja, kama za mtu asiyezoea kuandika.

Nimesikia. Naomba ruhusa ya siku moja niwafikishe.

Mwatumu hakujua kusoma, kwa hiyo Godlisten alimsomea. Mama yule alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba, akasema dereva anaweza kungoja kidogo.

Godlisten alivuka korido. Maombi ya ruhusa hayaamuliwi na karani.

“Mtu ambaye hayupo kazini,” alisema Bwana Julius bila kuinua kichwa, “hapewi ruhusa ya kutoka kazini.”

Godlisten alirudi kwenye kiti chake, akaandika: Imekataliwa.

Bernardo alijibu, Sawa, akabaki kazini. Pikapu ikaondoka.