Mwenzio Atakusemea

Fundi makochi yule, jina lake hasa watu walishalisahau. Walimwita Tutaona, maana ndilo jibu lake kwa kila jambo. Umuulize kitambaa cha bluu au cha kijani, tutaona. Umuulize chai au maji, tutaona. Mtu mzima na mvi zake, jamani!

Basi mama yake akalazwa hospitali, moyo. Daktari hakuficha kitu: asipopasuliwa, mwezi haumalizi, akipasuliwa, huenda akapona, huenda akabaki mezani. Mama akakataa katakata. "Mpaka mwanangu mkubwa aniambie niende," akasema. "Akisema yeye, nitakwenda." Daktari akawapa mpaka Ijumaa saa sita mchana. Na huyo mwana mkubwa ndiye Tutaona, sasa jionee mwenyewe.

Mdogo wake wa kike, mwalimu mwenye ulimi mkali, alimpigia simu Jumatatu. "Kaka, mara hii usinipige chenga. Aende au asiende, mwambie mama moja."

"Nalifikiria, mdogo wangu."

"Fikiria, lakini mama hana muda wa kukusubiri."

Ndipo alipojiunga na lile kundi la kwenye simu, la watu wanaojifunza kufikiri sawasawa na kuamua vizuri. Walipima hoja, walisahihishana bila matusi, na hakuna aliyetuma salamu za asubuhi zenye picha za maua. Likampendeza sana. Lilikuwa na desturi moja: ukileta jambo lako, unapewa mwanachama anayeitwa Mwenzio. Kazi yake ni kukueleza vizuri kuliko unavyojieleza. Unasoma, unasahihisha, mpaka ukiri mwenyewe, "Ndiyo, huyu ni mimi." Hapo ndipo jambo linaamuliwa. Litaamuliwa na nani, Tutaona hakuuliza.

Akatuma ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja, akizunguka mle mle. Jibu likaja kabla hajaiokota nyundo yake. Lilikuwa limeandikwa kama anavyosema, hata ile "eti" yake anayoitia kila mahali. Akacheka, akasahihisha hapa na pale. Jumatano likaja la pili. Alhamisi saa nne asubuhi, akiwa amepiga magoti anang'oa misumari kwenye kochi la mteja, likaja la tatu.

"Si kisu unachokiogopa. Siku baba anazidiwa, ulitumwa ukamwite daktari. Ulikuwa na miaka kumi. Ukasimama njia panda, eti hujui ipi ya mkato, mpaka ukasikia kilio nyumbani. Tangu siku ile, ukitaka kuchagua tu, unakisikia."

Jambo lile hakuwahi kumwambia mtu, si mkewe, si mdogo wake. Akaandika kwa vidole vilivyojaa gundi: "Wewe ni nani?"

"Mwenzio. Je, huyu ni wewe?"

Mwenye akili zake angeizima simu akaitupa chooni. Lakini Tutaona alikuwa amechoka, tena aliona raha, raha ya ajabu, kwamba kuna mtu anamjua hivyo na hajamtukana. Akabonyeza Ndiyo. Papo hapo kundi likatoweka kwenye simu yake. Alilitafuta mpaka macho yakamuuma.

Ijumaa saa tano mdogo wake akapiga, analia na kucheka. "Ahsante, kaka! Mama amekubali, wanamwandaa sasa hivi!"

"Nani amemwambia?"

"Si wewe? Tangu jana simu haimtoki sikioni! Hata habari ya njia panda umemwambia. Mama anasema alikuwa anaijua miaka yote, na alishakusamehe."

Tutaona akatoka mbio na aproni yake kiunoni. Alimkuta mama kwenye machela, ukumbini, amelala chali, simu sikioni, uso umenawiri. Na sauti iliyokuwa ikitoka mle ilikuwa yake, na kile kikohozi chake cha vumbi la sponji. "Nenda, mama. Nimeamua. Nitakuwa hapa mpaka utoke." Haikusita hata mara moja.

"Mama," akaita. "Mama, eti... mimi hapa."

Mama akamtazama usoni, kwa muda mrefu, kama anavyotazamwa mpita njia. "Subiri, baba," akaiambia simu. "Kuna mtu hapa anaigiza sauti yako." Akamgeukia nesi. "Nesi, huyu ni nani? Mwanangu ninaye hapa, sasa huyu ni nani? Hapana. Nishusheni. Siendi tena."

Nesi akamgeukia, fomu mkononi. "We kaka, ni nani wake?"

Simu nayo ikanyamaza, inasikiliza. Tutaona akaiona safari ya kumrudisha mama nyumbani, na kitanda chake, na mwezi ambao hataumaliza. Akashika ukuta.

"Si mtu wake," akasema bila kusita. "Samahani, mama. Nimekosea machela."

Mama akashusha pumzi, akairudisha simu sikioni. Machela ikaanza kusukumwa kuelekea chumba cha upasuaji.

"Mwanangu, upo?" akauliza.

"Nipo, mama," Tutaona akanong'ona, lakini simu ilikuwa imeshaitika.