Shikamoo ya Mji wa Kauboi

...na manyoya haya nayo, lazima yawashe leo, manyoya ya bata yaliyotiwa rangi nyekundu na kushonwa kwenye utepe, yalinunuliwa huku huku Uchina, sokoni Yide Lu, pamoja na shoka hili la plastiki, na Elinami amechuchumaa nyuma ya mapipa matupu, kifua wazi, mistari ya rangi usoni na mikononi, akisubiri filimbi, na filimbi hailii kwa sababu mashine ya moshi imegoma, laoban, bosi mwenye mji huu wa maigizo, yuko kwenye kipaza sauti anawabembeleza watazamaji wavumilie kidogo, na watazamaji wanavumilia, wanatafuna soseji za vijiti, wanapigana picha mbele ya jela, na katikati yao, Mungu wangu, katikati yao amesimama Bi Mwanakhamis... akafumba macho, akafumbua, akachungulia tena kwenye upenyo wa mapipa, ni yeye, buibui lake, mkoba wake ameukumbatia kifuani kama yuko Kariakoo, huyu huyu anayemuuzia mama yake Elinami vitenge vya kuuza dukani kwake Same, na pembeni yake mpwa wake Pandu na simu mkononi, kontena lao bila shaka linasubiri zamu bandarini Nansha na wao wamepata siku ya kutembea, lakini huku kote, milimani huku, mwendo wote huu wa basi, kimewaleta nini, ah, anajua kilichowaleta, umewaleta mdomo wake mwenyewe, mama, Jumamosi nafundisha historia kwenye mji wa zamani wa filamu, ndivyo alivyosema, nafundisha, na mama akamwagiza Bi Mwanakhamis, ukipata nafasi, dada yangu, kanirekodie mwanangu akifundisha nikamwoneshe mchungaji. Mchungaji! Amwoneshe mchungaji manyoya ya bata... wala haukuwa uongo mtupu, alijitetea, kwa nani sijui, kwa mapipa, historia anaijua, nani anaijua kumshinda, utafiti wake wote wa shahada ya udaktari umejengwa juu ya mbao hizi, anaweza kuwasimulia jinsi mtengeneza filamu mmoja alivyofyeka shamba la matunda akasimamisha hapa mtaa mzima wa Amerika, baa, benki, kanisa lisilo na ndani, mbele mnara na nyuma magogo ya kuegemeza, wakapiga picha za kauboi mfululizo mpaka watu wakazichoka, kisha mji ukalala, wenyeji wakafuga bata ndani ya jela, mchwa wakala hoteli, mpaka laoban alipokuja akamwaga zege na kulichora lionekane mbao, haya yote ameyaandika, na ameandika pia, kwa ukali, oh alikuwa mkali siku hiyo, ukurasa mzima kuhusu vijana wa kijijini waliokuwa wanapakwa rangi ya kahawia wacheze Wahindi Wekundu, wanakimbia, wanapiga kelele, wanapigwa risasi, akaandika kwamba walivuliwa utu wao mbele ya kamera, na aliyemsimulia hayo ni mzee Liang, ambaye alikuwa mmoja wao, na sasa mzee Liang ana mvi na nyota ya sherifu kifuani, na anayekimbia ni Elinami. Wewe hata hiyo rangi ya kahawia huhitaji, laoban alimwambia akicheka, na Elinami naye akacheka, akajiambia ni utafiti, mtafiti lazima aingie ndani ya jambo, basi akaingia, na hajatoka.

“Bi mkubwa, sogea hapo kwenye farasi nikupige,” sauti ya Pandu, na ya Bi Mwanakhamis, “Nshapigwa picha za kutosha miye, mwalimu mwenyewe yuko wapi? Hebu muulize yule mwenye kofia,” usimuulize, Pandu, nakuomba usimuulize... na kama ingekuwa manyoya tu, manyoya angeyabeba, angesema mama hii ni michezo, watu wangecheka yakaisha, lakini si manyoya, ni lile neno, na neno nalo hakulitafuta, haki ya Mungu hakulitafuta, siku ya kwanza ya mazoezi laoban alimwambia mwinulie sherifu shoka, toa sauti ya porini, ya kwenu huko, na Elinami akamrukia mzee Liang na shoka juu, akamkuta uso kwa uso, mzee mzima, umri wa babu yake, macho yana maji, na mtoto wa Kipare aliyelelewa hapiti mbele ya mtu mzima bila kumwamkia anafanya nini, mkono ulikuwa juu unataka kuua lakini mdomo ukafanya ulichofunzwa, ukasema shikamoo, ukasema kwa kunguruma, kwa hofu, na laoban akapiga makofi, hao, hao, yaani safi, hiyo hiyo, kubwa zaidi! Angeweza kusema hapana, bu yao, neno ambalo kila mgeni analijua kabla hata hajajua kuagiza chai, hakusema, akaitoa kubwa zaidi, na akapigiwa makofi, na alipenda, hapo ndipo aibu yenyewe ilipo, alipenda, hajapigiwa makofi popote tangu ashuke uwanja wa ndege wa Baiyun, akaanza kuipamba, shiiikamoooo, anatoa ulimi, anajipiga kifua, na watoto wakaishika, sasa hata langoni utawasikia wanakatakata hewa kwa mashoka ya plastiki wakinguruma shikamoo, shikamoo, wanadhani ndivyo mtu wa mwituni anavyolia... na tangu hapo kwenye simu kwa mama akawa anaanza na habari za huko, mama hujambo, mvua zimenyesha, anapita pembeni pembeni, mpaka mama akamuuliza kwa upole, siku hizi huniamkii, baba? Akasingizia mtandao. Mtandao! Unakata neno moja tu.

“Shikamoo!” si yeye, ni kitoto cha Kichina, kimemrukia Bi Mwanakhamis na shoka lake, meno nje, “Shikamoo!” na Bi Mwanakhamis ameshtuka, ameshika kifua, sasa ataelewa, sasa atatema mate chini, na aelewe basi yaishe... “Ebo!” anasema Bi Mwanakhamis, na uso unamfunguka wote, “Marahaba, mwanangu, marahaba! Pandu, umemsikia? Umerekodi? Kitoto cha watu huku, kinaamkia! Mwalimu Elinami kawafunza adabu hawa, wallahi mamake atalia kwa furaha,” na kitoto kinarudia, na cha pili, na cha tatu, wanamzunguka na mashoka wakinguruma, na yeye anawainamia mmoja mmoja, anawashika vichwa, marahaba, marahaba, marahaba, kila mmoja na yake, hamruki hata mmoja... bora angetema mate, bora angemtukana, Elinami aliuma mkono wake, chumvi na rangi, ah mama, neno nimelivalisha manyoya kama nilivyojivalisha mwenyewe, na huyu mama wa watu anaitikia tu, kwa sababu neno hilo kwake halijawahi kuwa kitu kingine. Filimbi bado. Laoban anasema dakika moja tu, jamani, na mashine inakohoa. Halafu atatoka, hakuna mlango wa nyuma, huu mji hauna nyuma, ndivyo ulivyojengwa, atatoka na simu ya Pandu itakuwa inamwelekea, basi na atoke bila shoka, akaliweka chini, atoke taratibu, ampite mzee Liang na bastola yake, aende mpaka kwa Bi Mwanakhamis, ainame na rangi zake zote usoni, aseme shikamoo kwa sauti yake, ile ya nyumbani, ya jikoni asubuhi, mama aisikie humo ndani ya simu, hilo tu, laoban akitaka kumfukuza na amfukuze, na akaijaribu kwanza pale nyuma ya mapipa, kwa kunong'ona, shikamoo, ikatoka ikinguruma. Akameza mate. Shikamoo. Inanguruma. Nje, “Marahaba, mwanangu,” si kwake, kwa mtoto mwingine. Akavua manyoya, labda ni manyoya, akajifuta mdomo kwa kiganja, akajaribu tena.