Saa Haina Mgongo

Onesmus alikuwa akishindwa na tambarare. Mlimani aliwaacha watu wakitafuta pumzi, lakini kwenye barabara iliyonyooka, akiwa peke yake na saa, walimpita hata vijana aliowafundisha kuziba pancha. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yake, na alikuwa na miaka thelathini na miwili, umri ambao baiskeli huanza kumwambia mtu ukweli.

Alizaliwa upande wa Meru, kwenye miteremko ambako maziwa hushushwa alfajiri na mitungi mitupu hupandishwa mchana. Aliipandisha mitungi hiyo kwa baiskeli tangu utotoni, miguu ikawa kamba, mwili ukakataa kunenepa. Alishinda mashindano kadhaa ya milima, akapata makombe na makofi. Timu hakupata. Juba ilipopandisha bendera yake ya uhuru na watu wakamiminika huko kama siafu, naye alikuja na sanduku la spea za pikipiki, akafungua kibanda mtaa wa Sherikat karibu na daraja. Baiskeli alikuja nayo. Mkewe Kawira alimwambia kwamba mwanamume anayekwenda kutafuta riziki habebi kitu cha kuchezea. Alikibeba.

Oktoba ya mwaka 2013 Zadock alikuja kibandani. Zadock alikuwa Mkenya mwenzake, mtu wa benki mwenye kitambi, lakini enzi zake alikimbiza baiskeli kweli, na wote walimwita Kochi.

"Kuna timu Nakuru inatafuta mtu mmoja wa mwisho," alisema. "Mshahara, baiskeli, kila kitu."

Onesmus aliacha spana. "Wanataka mpanda milima?"

"Hao wanao, wamejaa kama kuku. Wanataka mtu wa saa. Kilomita thelathini, tambarare, peke yake, chini ya dakika arobaini na tano. Nitashika saa mimi, wananiamini."

"Mimi hutumia arobaini na nane."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kukaa, sikuja kukupongeza."

Onesmus alizunguka kibanda, akapanga upya mikebe ya grisi iliyokuwa imepangwa vizuri tayari. "Kochi, niambie bila kunificha. Mtu wa mlima anaweza kujifunza saa?"

"Anaweza. Lakini mlima utamwonea wivu."

Wakaanza wiki ileile, kwenye lami iendayo Nimule mpakani, ng'ambo ya kizuizi cha askari, asubuhi kabla jua halijawa kali. Zadock alimshushia usukani, akamwinulia kiti, akamwamuru abane viwiko kama mtu anayebeba kuku kwapani. Akamwambia ale. Maisha yake yote Onesmus alikuwa akiogopa sahani, maana kila kilo mlimani ni mzigo wa mawe. Sasa alikula asida, ugali wa huko, na mboga ya karanga mchana, akala maharage ya ful na mkate asubuhi, mama muuza chakula akadhani ana minyoo. Usiku alilala kwa tabu. Mchana hakuweza kukaa. Hata akimhudumia mteja, mguu wake mmoja ulikuwa ukicheza chini ya meza.

Lakini shida yake haikuwa kwenye tumbo wala kwenye usukani. Mlimani Onesmus alikuwa akipigana na mtu. Alimtazama mwenzake mgongo, akaona mabega yanapoanza kuyumba, ndipo akasimama kwenye pedali na kumvunja moyo. Kwenye tambarare hakukuwa na mgongo wa kutazama. Basi alienda kwa mishtuko: anachomoka, anapoa, anachomoka tena, kama anakimbia mbwa wasiokuwepo.

Ndipo akamwomba Puok. Puok alikuwa mwendesha bodaboda wa mtaa wa Gudele, mteja wake wa siku nyingi, kijana wa Kinuer mwenye mistari sita ya chale kwenye paji la uso, alama ya wanaume wa kwao. Alikulia Kenya, kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, akasoma huko, akarudi kwao mwaka wa uhuru akiwa na Kiswahili cha Kenya na maneno mengi ya utani.

"Nikimbie mbele yako unifuate?" Puok aliuliza. "Kama jogoo na mwewe?"

"Hivyo hivyo."

Wiki mbili alimfuata. Muda ukashuka mpaka dakika arobaini na tatu. Onesmus alimpigia Zadock akipiga kelele, Zadock akaja Jumapili kushuhudia, akaona pikipiki mbele na baiskeli nyuma yake pua kwa mkia, akacheka mpaka akashika goti.

"Wee Mmeru! Unakaa nyuma ya pikipiki, upepo wote anaupasua yeye! Hata mimi na kitambi hiki ningekimbia hivyo. Mtoe mbele."

Puok alipotolewa mbele, dakika zikarudi arobaini na saba na nusu. Onesmus alitupa chupa ya maji msituni. Puok akaenda kuiokota, akarudi akiipangusa.

"Buda, sikia," alisema. "Nitakuja nyuma. Najua nikiwa gia ya tatu, injini ikiimba hivi," akaiga mngurumo kwa mdomo, "ni kilomita arobaini kwa saa kamili. Sitaongeza, sitapunguza. Ukinisikia nakaribia, wewe unazembea. Ukinisikia nazama, tulia, usijiue."

Na hiyo ndiyo dawa iliyofanya kazi. Pikipiki ya Puok ilikuwa na bomba bovu la moshi ambalo Onesmus mwenyewe alikuwa amelishona kwa waya, na sauti yake aliijua kama mtu anavyojua kikohozi cha baba yake. Akawa hatafuti tena mgongo. Alisikiliza. Mishtuko ikapungua, mwendo ukanyooka. Arobaini na sita na nusu. Arobaini na sita. Mwanzoni mwa Desemba, arobaini na tano na sekunde chache. Jaribio likapangwa Jumapili ya tarehe kumi na tano. Zadock angepanda nyuma ya Puok na saa mkononi, na watu wa Nakuru walikubali hivyo.

Jumatano kabla ya hapo Puok alikuja kibandani, akaketi juu ya dumu la oili.

"Mzee, kesho nashika meli."

"Meli gani?"

"Ya kwenda Adok, kwetu. Iko bandarini inapakia. Mathe anataka nile Krismasi kwake. Miaka miwili nimemdanganya nakuja. Halafu hapa mjini sipapendi siku hizi. Wakubwa wa serikali wanatukanana hadharani, kila mmoja na kabila lake, na askari wananiangalia paji kabla ya kuniangalia leseni."

Onesmus alihisi mguu unaanza kucheza. "Na Jumapili?"

"Chukua boda nyingine. Juba imejaa boda kama inzi."

"Boda ziko. Sauti hiyo haiko."

Puok alicheka. "Sasa umeoa injini yangu? Mahari umelipa?"

"Sifanyi mzaha. Ukienda, mimi nimebaki mziba pancha mpaka nife. Baki mpaka Jumapili tu. Wiki ijayo kutakuwa na meli nyingine, utafika mkesha wa Krismasi wakikuchinjia."

Puok alitazama barabara. Lori la mahindi lilipita, vumbi likaingia, hakuna aliyejifunika. Mwishowe alisema, "Mafi mushkila," ambayo kwa Kiarabu cha Juba ni hakuna shida. "Lakini ukishindwa, nitamwambia mathe kwamba Mmeru alininyima nyama."

Onesmus hakuuliza kama mama yake Puok alikuwa ameshaambiwa kwamba mwanawe anakuja na meli hiyo. Alirudi kwenye kiti chake cha baiskeli, akakiinua kidogo, akakishusha palepale kilipokuwa. Kesho yake Wakenya wa Juba walikuwa wakishangilia miaka hamsini ya uhuru wao, na meli ikaondoka.

Jumapili lami ilikuwa tupu kuliko kawaida. Kwenye kizuizi askari walikuwa wengi, hawakutaka utani. Mmoja alimshusha Puok, akamchunguza sana, Zadock akatoa kitambulisho cha benki na maneno matamu, wakapita.

Onesmus aliondoka saa kumi na mbili na nusu. Kilomita za kwanza alikuwa na wasiwasi, akaanza kuchomoka, injini ikazama nyuma yake, akakumbuka, akatulia. Upepo ulikuwa wa ubavuni. Aligeuza baiskeli kwenye kilomita ya kumi na tano bila kuanguka, jambo ambalo mazoezini lilimshinda mara mbili. Wakati wa kurudi palikuwa na mwinuko mdogo, kama tumbo la mtu aliyeshiba, na hapo damu ya zamani ikamwita. Alisimama kwenye pedali. Mwili ukafurahi. Injini ikaanza kusogea, ikasogea tena, na Puok akapaza sauti, "Kaa chini, mzee! Hapa hakuna mtu wa kuvunja moyo!"

Akakaa. Akabana viwiko. Mapaja yalikuwa yanawaka, mate yalikuwa mazito kama uji, na ile sauti mbovu ya bomba ikabaki nyuma yake umbali uleule, haikuja wala haikwenda, mpaka kwenye jiwe la mwisho.

Zadock aliitazama saa, akamwonyesha Puok kwanza, maana Onesmus alikuwa amelala kando ya lami akitapika. Dakika arobaini na nne, sekunde arobaini na moja.

"Umeingia!" Zadock alipiga kelele. "Umeingia, wewe mbuzi wa mlimani!"

Walikula ful Sherikat, watu watatu sahani moja. Jioni Puok alikwenda kwake Gudele.

Usiku huo risasi zilianza kwenye kambi ya askari, na kulipokucha zilikuwa zimeenea mjini. Jumatatu asubuhi Puok alipokea simu ya Onesmus mara moja.

"Niko ndani," alisema kwa sauti ya chini. "Askari wanapita nyumba kwa nyumba. Wanaangalia paji."

"Toka kwa nyuma. Nenda kambi ya Umoja wa Mataifa."

"Wako nyuma pia. Usipige tena, itasikika."

Onesmus hakupiga. Alikaa na simu mkononi mpaka ikaisha chaji. Jumatano mwenzake Puok wa stendi, aliyefika kambi ya Umoja wa Mataifa, alisema alimwona Puok mlangoni kwake amelala kifudifudi, na pikipiki haikuwepo. Ijumaa Onesmus aliondoka kwa lori la Nimule.

Januari, akiwa Nakuru, alipigiwa na namba asiyoijua. Mwanamke mzee aliongea Kinuer, mtu mwingine akatafsiri. Mama alikuwa anauliza: meli ya Alhamisi ilifika Adok, watu wote walishuka, mbona mwanawe hakuwemo?

Onesmus alimwambia. Alisema, "Mimi ndiye niliyemwomba abaki." Mtafsiri akatafsiri. Upande wa pili simu ikakatwa.

Aliendesha msimu mmoja. Kwenye mbio za saa alikuwa wa tatu, kisha wa tano. Mlimani waliomzoea walimpita wakimuuliza kama anaumwa.

Alipata dakika tatu na sekunde kumi na tisa, pungufu ya zile arobaini na nane za mwanzo. Alitoa kibanda cha Sherikat na kila kilichokuwemo. Alitoa mlima, kwa kilo nne alizoongeza na ambazo hazikutoka tena. Na alitoa Puok, mwenye miaka ishirini na sita, mwana wa pekee wa mama yake.